Hakula, Amekunywa

"Amekula?" aliuliza daktari wa usingizi.

"Hajala," alijibu mama.

"Hajala kabisa, daktari," bibi alidakia kutoka nyuma, akijitengeneza mtandio kichwani kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Tangu jana jioni hajatia hata punje mdomoni. Amekunywa uji tu."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mama akamgeukia mkwewe taratibu, kama mtu aliyesikia kitu kikipasuka chumba cha pili na bado hajajua ni chombo gani.

"Uji," alisema daktari.

"Uji mwepesi. Aliamka alfajiri analia njaa. Nikajiambia, wamekataza asile, hawakukataza asinywe. Basi nikamkorogea ule wa kunywa kabisa, hata kijiko hakukigusa."

Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kitanda cha magurudumu, ndani ya gauni la kijani la hospitali lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa msichana wa miaka sita, mwembamba, mdomo wazi kama kawaida yake, kwa sababu pua yake ilikuwa ya mapambo tu.

"Niliumaliza," alithibitisha. "Nikalamba na bakuli."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Alikuwa kijana bado, na alionekana mtu aliyechoka kutoa habari mbaya kabla ya chai ya asubuhi. "Mama," alisema, na haikujulikana anamwambia yupi kati ya wale wawili, "uji ni chakula."

"Uji unanywewa," bibi alimsahihisha kwa upole.

"Ukifika tumboni ni chakula. Nikimlaza kwa dawa, mwili wote unalegea. Uji unapanda juu, unaingia kwenye mapafu. Mtoto anaweza kunifia mezani kwa bakuli la uji." Akafunga faili. "Leo haiwezekani. Nesi atawapa tarehe nyingine."

"Lini?" aliuliza mama.

"Ratiba imejaa. Miezi mitatu. Labda minne."

Wiki iliyopita tu, walipoambiwa kwamba kabla ya upasuaji mtoto lazima aonwe na daktari wa usingizi, walirudi nyumbani wakicheka njia nzima. Hatimaye! Kumbe alikuwepo daktari wa jambo lao hasa! Bibi alikuwa amejiandaa amweleze kila kitu: jinsi mtoto anavyolala shingo kaipinda nyuma kama kuku anayenyweshwa dawa, jinsi anavyolowa jasho hadi shuka linakamulika, jinsi anavyoamka amechoka kuliko alivyolala. Sasa huyo daktari alikuwa mbele yao, na hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliuliza kama kuna jino linalocheza, kama mtoto ana mafua, na kama amekula. Kumbe kazi yake ilikuwa kuwalaza watu, si kuwaangalia wakilala.

"Mrudisheni korido," daktari akamwambia nesi. "Aingie anayefuata."

* * *

Nyumbani mtoto aliitwa Jenereta. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi bomba, mtu asiyeweza kupita penye mzaha bila kuuokota. Mtoto alipoanza kukoroma, majirani wa upande wa pili wa ukuta walikuwa wakigonga na kusema, "Fundi, jenereta yenu imewaka!" naye anawajibu, "Leteni waya tuwauzie umeme!" Mama alicheka pamoja nao. Alikuwa akijisifu hata kazini, kwenye duka la dobi alikopiga pasi kutwa, kwamba mwanawe analala fofofo, hana usumbufu.

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni bibi, kwa sababu ndiye aliyelala naye kitanda kimoja. "Hiyo jenereta inazima," alisema siku moja. "Haikoromi moja kwa moja. Inazima kimya, halafu inawaka kwa kishindo." Fundi bomba akasema labda mafuta yameisha. Kisha mwalimu akaita kikao: mtoto analala darasani, kichwa kizito, bora arudie darasa. Ndipo zikaanza safari za hospitali.

Zilikuwa safari za kuchosha roho. Kila walipofika mbele ya daktari, Jenereta alikuwa macho, na akiwa macho hakuwa na neno. Mama mwenyewe ndiye aliyemwamsha kwenye foleni na kumpangusa uso kwa maji, maana mtoto wa watu hapelekwi kwa daktari na matongotongo. "Anasumbuliwa na nini?" daktari wa kwanza aliuliza. "Anakoroma," mama akasema. Ikaandikwa hivyo. Wa tatu ndiye aliyechukua tochi na kijiti, akamwambia mtoto aseme aaa, akaguna. Mafindofindo ya kooni yalikuwa yamevimba hadi karibu yanagusana, alisema, na nyuma ya pua kuna nyama imeota. Mtoto akilala koo linalegea, njia inaziba, hewa haipiti. Yatolewe.

"Si nilisema?" fundi bomba alisema siku hiyo. "Bomba limeziba. Ni kulizibua tu."

* * *

"Mama, jana nilikwambia nini?"

Walikuwa kwenye benchi la korido, kati ya mzee mwenye sikio lililofungwa bendeji na mwanamke mnene aliyeshika kikapu. Jenereta alikuwa katikati yao, bado na gauni lake la kijani, anabembeza miguu.

"Uliniambia asile," bibi alisema.

"Sasa?"

"Sasa hakula."

"Mama!"

"Mwanangu, usinipigie kelele mbele za watu. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, lakini kula na kunywa nazijua. Mtu akikuuliza umekula, nawe umekunywa uji tu, utasema umekula?"

"Hapo bibi ana haki," alisema mwenye kikapu bila kuulizwa. "Mimi nikinywa uji huwa nasema bado sijala."

"Inategemea uji wenyewe," alisema mzee wa sikio. "Kuna ule mzito, kijiko kinasimama. Ule ni chakula."

"Wangu ulikuwa mwepesi," bibi alimhakikishia.

"Basi amekunywa. Hapo wamewaonea."

Mama alitamani kuwapiga wote kwa kile kikapu. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka moto. Miezi na miezi ya foleni, siku za kazi alizokatwa, msimamizi wa dobi aliyemwambia kwamba akikosa tena asijisumbue kurudi, yote yamekwenda na maji. Na hapa watu wanakaa kujadili uzito wa uji kama mahakama.

Simu ikalia. Ni mumewe, na nyuma yake nyundo zinagonga.

"Wameshamzibua?"

"Hata hawajaanza. Wamemrudisha. Mama yako kampa uji."

"Uji? Si wa kunywa huo?"

"Na wewe!"

"Nauliza tu, jamani. Kwani nesi alisemaje hasa?"

Mama akamwona tena nesi wa jana, kidole juu, akisema mara mbili: asile wala asinywe, hata maji. Kisha akajiona mwenyewe mlangoni kwake jana jioni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anarudi kazini kumalizia suti za harusi ya mtu, anaongea huku anatoka: Mama, kesho asile kitu, umesikia? Neno moja lilikuwa limedondoka pale kizingitini, na hakuna aliyeliona.

"Alisema asile," alimjibu mumewe, akakata simu.

* * *

Nesi wa dirishani alikuwa akipanga mafaili, hakuinua kichwa.

"Nesi, naomba awekwe wa mwisho. Uji ule utakuwa umeshashuka."

"Wa mwisho haiwezekani. Mtoto wa namna hii huwa wa kwanza, apate kuangaliwa mchana kutwa. Wa mwisho nani atamkalia?"

"Nitamkalia mimi."

"Wewe ni nesi?"

"Mimi ni mama yake."

"Akina mama wako wengi hapa." Nesi akafungua faili, akapitisha kidole. "Na tena hapa imeandikwa anakoroma. Kukoroma si dharura, mama. Baba yangu anakoroma, na mwaka huu anatimiza sabini."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mama akashika ukingo wa dirisha.

"Anakata pumzi. Anakabwa."

"Ungesema hivyo toka mwanzo."

"Nilisema mara ya pili. Na ya tatu. Hawakuandika."

"Basi mimi nitasoma kipi, kisichoandikwa?" Nesi akamkunjia karatasi ndogo yenye tarehe mpya. "Haya, nenda salama. Na gauni letu mlirudishe, limehesabiwa. Jana tumepoteza mawili."

Alirudi kwenye benchi na ile karatasi kiganjani, akiwa na nia ya kumvua mtoto gauni palepale mbele za watu, amvalishe nguo zake, waondoke, asiuone tena ukuta ule wa rangi ya haradali maisha yake yote. Lakini Jenereta alikuwa amelala, kichwa juu ya paja la bibi. Bibi alikuwa ameinama juu yake, mkono wa kulia chini ya kidevu, vidole viwili nyuma ya taya, anaisukuma mbele kidogo. Mtoto alikuwa akipumua taratibu.

"Unamfanya nini?"

"Nashikilia taya. Nikiiachia anazima."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilihangaika nayo hadi nikaona ikikaa hivi anapumua."

"Na usiku?"

"Si ndiyo hivi hivi."

"Usiku kucha?"

Bibi alibadilisha paja lililokufa ganzi, na mkono haukutikisika. Mama akamtazama kama hajawahi kumwona. Mwaka mzima alikuwa akimnung'unikia mumewe chumbani: mama yako anasinzia mchana, mama yako kaacha bomba linamwagika, mama yako kaunguza sufuria, uzee gani huu umekuja kwa mbio. Naye mumewe alimwambia, mvumilie tu, ni mama.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Daktari wa usingizi akatoka na kikombe cha chai, kofia ya kitambaa bado kichwani, anaelekea zake mwisho wa korido. Mama akamwahi, akasimama katikati ya njia.

"Daktari, njoo umtazame amelala."

"Mama, tumeshazungumza. Uji..."

"Sisemi uji. Hujamwona akilala. Hospitali hii nzima hakuna aliyewahi kumwona akilala. Mnamwona akiwa macho mnasema hana neno. Chai yako haitapoa, njoo."

Labda alichoka kubishana, au labda alikuwa mtu mwema, lakini alikuja. Akainama juu ya mtoto. Jenereta alikuwa akipumua vizuri kabisa, kakoromo kadogo kama paka aliyeshiba.

"Analala salama," alisema daktari.

"Kwa sababu ameshikwa. Mama, mwachie."

Bibi akainua macho. "Nimwachie?"

"Aone."

"Siwezi."

"Mara moja tu, mama. Aone kwa macho yake."

"Mwanangu, niombe jingine. Mkono wenyewe hautakubali." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Nikae namtazama mtoto anakabwa na mimi nipo? Siwezi."

"Umeniharibia asubuhi," mama alisema, na alijua ni uongo wakati ule ule unamtoka, "usiniharibie na hili."

Akapiga magoti, akaanza kuvibandua vidole vya bibi kimoja kimoja. Vilikuwa vikavu, vigumu kama vimejisahau. Taya ya mtoto ikaanguka nyuma.

Kwanza ukaja mkoromo wenyewe, ule wa kuwafanya majirani wagonge ukuta. Mzee wa sikio akacheka, "Lo! Kumbe mna lori humu." Halafu ukakatika. Kifua cha Jenereta kikaendelea kupanda na kushuka, tumbo likavutika ndani hadi mbavu zikajihesabu, lakini hakuna kilichoingia wala kutoka. Mdomo uliachama, na haukutoa sauti. Mwenye kikapu alisema, "Jamani." Bibi akautupa mkono wake mbele. Mama akaudaka kwenye kiwiko, akaung'ang'ania.

"Bado," alisema. "Bado kidogo."

Hakujua anamwambia nani. Midomo ya mwanawe ilikuwa inabadilika rangi mbele yake, na yeye ndiye aliyekuwa amemzuia mtu wa kumsaidia. Kama mtu angemwambia siku hiyo kwamba yeye ni mama mbaya, angekubali bila ushahidi.

Kikombe kikawekwa sakafuni, chai ikamwagika. Daktari alikuwa chini kwa magoti, vidole vyake nyuma ya taya, palepale vilipokuwa vya bibi. Hewa ikaingia kwa kishindo, mtoto akaruka, akageuza kichwa, akaendelea kulala.

Daktari hakuiachia taya. "Hii inatokea mara ngapi kwa usiku?"

"Daktari," bibi alisema, akijifuta uso kwa ncha ya mtandio, "ungeniuliza anapumua mara ngapi, ningekujibu upesi zaidi."

Daktari, magoti bado kwenye chai yake mwenyewe, akaita kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. "Nesi! Huyu ataingia wa mwisho. Na usiku alazwe kitanda kile karibu na meza yenu."

"Daktari, ratiba..."

"Iandike upya. Na kwenye faili futa hilo neno anakoroma. Andika anakata pumzi usingizini." Akamgeukia bibi. "Mpaka hapo, asile wala asinywe."

"Mate yake mwenyewe ataomba ruhusa kuyameza," alisema bibi.

* * *

Alipoingizwa, jua lilikuwa limeshahama dirisha. Jenereta aliuliza kama atarudishiwa mafindofindo yake awaonyeshe wenzake shuleni, na nesi akasema ataona. Mlango ukafungwa. Wakabaki wawili, na gauni la kijani halikudaiwa tena.

Mama alikaa mbali kidogo na mkwewe, nafasi ya mtu mmoja katikati. Alikunja ile karatasi ya tarehe mpya hadi ikawa ndogo kama punje, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nesi alisema asile wala asinywe," alisema mwishowe, macho yakiwa ukutani. "Mimi ndiye niliyekuletea nusu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu tulipokaa hapa asubuhi. Nesi hawezi kukataza chakula akasahau maji. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Sasa mbona hukusema? Umeniacha nakupigia kelele mbele ya watu wote!"

"Ningesema, wangekucheka wewe." Bibi alitengeneza mtandio. "Mimi wameshazoea kunicheka. Mtu mzima nikikosea husema ni uzee, wanasamehe. Wewe wangekuuliza ni mama gani."

Hilo ndilo lililomuudhi mama kuliko yote ya siku ile. Alitaka kugombana, amwambie kwamba hakuombwa kumbebea mtu aibu, kwamba kimya chake hicho ndicho kinachoichosha nyumba, kwamba kama angesema mapema juu ya huo mkono wa usiku wangegawana zamu. Akasema hayo ya mwisho, kwa ukali. "Ungeniambia tungegawana."

"Unapiga pasi kutwa," bibi alisema. "Ukisinzia unachoma suti ya mtu. Mimi nikisinzia naunguza sufuria."



* * *

Wodini, Jenereta aliamka analia bila sauti, mate mekundu pembeni mwa mdomo, kidoleni kabanwa kibanio kilichounganishwa na mashine ndogo. Mama alikuwa wa kwanza kitandani. Alikuwa amejitayarishia usiku huo tangu juzi: khanga ya kujifunika, mswaki, kipande cha sabuni, vyote kwenye mfuko aliouning'iniza begani mchana kutwa.

"Niko hapa, mama yako niko hapa."

Mtoto alimtazama, akaangalia nyuma yake. "Bibi," alisema, kwa sauti ya kukwaruza kama karatasi.

"Usiku analala na mtu mmoja tu," alisema nesi wa zamu, kalamu mkononi. "Nani anabaki?"

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Bibi alikuwa kaanza kurudi nyuma, ampishe. Mtoto akanyoosha mkono ule usio na kibanio, akakamata ncha ya mtandio.

"Bibi yake," mama alisema. Akautoa mfuko begani, akautupa miguuni mwa kitanda kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Mswaki ni wangu, lakini utumie tu."

"Haya, wewe toka, saa za kutazama wagonjwa zimekwisha," nesi alimwambia. "Kesho asubuhi."

"Dakika moja."

"Mama, toka."

Alitoka. Mlango wa wodi ulikuwa na kioo kidogo, naye akasimama pale bila kujali kama watamfukuza tena. Jenereta alikuwa ameshasinzia. Bibi akavuta kiti, akakaa, akaupeleka mkono wake chini ya kidevu cha mtoto.

Nesi akamgusa bega. Sauti ilipita kwa shida kwenye kioo. "Bibi, mwachie. Leo bado kuna uvimbe, ataguruma kidogo. Mashine ndiyo inamwangalia, ikilia mimi nipo. Wewe mwachie."

Bibi akautoa mkono. Ukakaa hewani, haujui pa kwenda. Aliutazama, akatazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Kisha akauweka pajani mwake, na kwa mkono wa pili akaukamata kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto mtundu asiguse kitu cha watu.